Kuunganisha kidhibiti mwendo cha mota kwenye mashine ndogo ya CNC: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka hasa kwa maseremala wa Mafinga na Njombe wanaochonga paini na milingoti kwa mashine za CNC (zinazoongozwa na kompyuta) walizojiundia, na kwa wanafunzi wa ufundi wa Mbeya ambao programu wameshaimudu lakini umeme wa ukutani bado wanauogopa au, jambo ambalo ni baya zaidi, hawauogopi kabisa. Majibu yanahusu namna ya kuunganisha kidhibiti mwendo cha mota ya kukatia na bodi inayoiongoza mashine, kama vile Arduino, bila mtu kudhurika na bila bodi kuungua. Mota za stepa zinazosogeza meza zinatajwa pale tu zinapoathiriwa na kidhibiti hicho.

Vidhibiti mwendo vinatofautianaje, na kipi ni hatari zaidi?

Kwenye mashine ndogo utakutana na aina tatu. Ya kwanza ni bodi ya mota ya DC ya volti 12 hadi 48, inayolishwa na pawa saplai yake yenyewe. Ya pili ni kidhibiti cha mota ya DC kinachochomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa volti 230, kama kile kinachotolewa kwenye mashine chakavu ya kukimbilia ya jimu. Ya tatu ni kigeuza masafa, yaani kile kiboksi chenye ncha za U, V na W kinachoendesha spindeli (mota ya kukatia) ya fezi tatu hata kama nyumba ina umeme wa fezi moja.

Watu wengi hukiogopa kigeuza masafa kwa sababu ni kikubwa na kina maandishi ya onyo. Kwa mtazamo wetu, cha kuogopwa zaidi ni kile cha pili, kwa kuwa ncha zake za volyumu, ile ya kuzungusha kubadilisha kasi, huonekana kama za redio ilhali mara nyingi zimeungana na umeme wa ukutani.

Nilitoa volyumu ya kidhibiti cha mota ya DC nikaweka waya kutoka kwenye Arduino. Bodi iliungua papo hapo, na USB ya kompyuta ikafa. Kwa nini?

Kwa sababu kidhibiti hicho hakina utenganisho wa umeme. Ndani yake, laini na nyutro huingia kwenye daraja la dayodi, na upande hasi wa daraja hilo ndio unaotumiwa kama rejeo (GND, yaani waya wa pamoja) la saketi yote ndogo, volyumu ikiwamo. Upande huo hasi hauko sifuri ukilinganishwa na ardhi: katika nusu moja ya kila mzunguko wa umeme huvutwa hadi karibu na kilele cha laini, ambacho kwa volti 230 ni takriban volti 325.

Arduino, kwa upande wake, imeungana na kompyuta kupitia USB, na kompyuta ya mezani imeungana na ethi kupitia plagi yake. Ulipounganisha rejeo la kidhibiti na rejeo la Arduino, uliufungulia umeme wa laini njia ya kwenda ardhini kupitia kebo ya USB. Mkondo uliopita hapo hauzuiwi na chochote ila dayodi na fyuzi, na vyote viwili huchelewa kuliko nyuzi nyembamba za bodi.

Wapo wanaosema kwamba kwao jambo hilo hilo lilifanya kazi vizuri walipotumia laptopu iliyo kwenye betri. Ni kweli kwamba bodi haiungui, kwa kuwa njia ya ardhini haipo. Ila sasa laptopu nzima, pamoja na skrubu zake za chuma na ganda la kila plagi ya USB, imepanda hadi volteji ya laini, na njia ya ardhini itakayopatikana ni mkono wa mtu wa kwanza atakayeigusa huku amesimama kwenye sakafu ya saruji yenye unyevu. Afadhali bodi ingeungua.

Nitajuaje kama ncha za volyumu zina umeme wa laini?

Soma kwanza karatasi ya mtengenezaji. Kama haisemi wazi kwamba ncha za udhibiti zimetenganishwa na laini, chukulia kwamba hazijatenganishwa.

Ukitaka kupima, chomoa plagi, bana nyaya za multimita kwa klipu, mmoja kwenye ncha ya volyumu na mwingine kwenye ethi, weka multimita kwenye volti za AC, ondoa mikono, kisha ndipo uwashe. Rudia kwa kila ncha na kwa volti za DC pia. Multimita iwe ya daraja la usalama la CAT II au zaidi, yenye nyaya zisizochubuka. Zile za bei ya chini kabisa zinazouzwa mezani zinafaa kupimia betri.

Kipimo kikubwa kinathibitisha hatari, lakini kipimo kidogo hakithibitishi usalama. Baadhi ya saketi hutumia nyutro kama rejeo, kwa hiyo zinaonyesha volti chache tu hadi siku utakapochomeka kwenye soketi ambayo fundi aliigeuza laini na nyutro, na soketi za namna hiyo si haba. Tasta ya bisibisi haitoshi kwa kazi hii.

Basi naweza kuzitenganisha mwenyewe?

Inawezekana, na njia ya kawaida ni optokapla, ambayo hupitisha ishara kwa mwanga badala ya waya. PC817 inapatikana kwa urahisi na inamudu ishara ya PWM (mapigo ya umeme ya kuwaka na kuzima haraka) ya takriban 1 kHz inayotolewa na GRBL, programu ya kuongozea CNC, kwenye Arduino Uno. Masharti yake ni matatu, na kila moja limewahi kupuuzwa na mtu aliyedhani ameshatenganisha.

Sharti la kwanza ni kwamba upande wa pili wa optokapla ulishwe na kidhibiti chenyewe, kwa mfano kutoka kwenye ncha yake ya volti 5 au 10, wala si kutoka kwenye Arduino. Waya mmoja tu wa rejeo ukivuka kutoka upande huu kwenda ule, optokapla imekuwa pambo. Sharti la pili ni nafasi: acha angalau milimita 6 za bodi isiyo na shaba wala risasi kati ya pande mbili, maana bodi ya mistari ya shaba ikipita chini ya optokapla huunganisha kile ulichokusudia kutenganisha.

La tatu linahusu mwelekeo wa ishara. Ukiweka rezista ya kuvuta juu kwenye kolekta, mmoja wa miguu ya tokeo ya optokapla, na kuchukua ishara hapo, ishara inageuka kinyume, na amri ya kusimama inakuwa amri ya kasi ya juu kabisa. Ni kweli unaweza kuigeuza tena kwenye programu, lakini waya wa Arduino ukichomoka mota itakimbia kwa nguvu zote. Chukua ishara kwenye emita, mguu wa pili, yenye rezista inayoivuta chini, ili waya ukikatika mota isimame.

Kwa anayeanza, ushauri wetu ni kununua kidhibiti ambacho mtengenezaji wake ameshaweka utenganisho ndani. Bei inaongezeka kidogo, lakini maswali yote mawili yaliyotangulia yanakuwa hayakuhusu.

Nawezaje kuunganisha Arduino yenye GRBL na kigeuza masafa?

Vigeuza masafa vingi vinavyouzwa pamoja na spindeli vina ncha za udhibiti zilizotenganishwa na umeme wa laini, lakini hakikisha kwenye kitabu chake. Ishara zinazohitajika ni mbili: ya kuwasha na kuzima, na ya kasi.

Ya kuwasha na kuzima ipitishe kwenye rilei ndogo, ambayo mguso wake unaziunganisha ncha ya kwenda mbele na ncha ya rejeo la dijitali, zinazoandikwa FOR na DCM kwenye mashine nyingi. Rilei yenyewe ni utenganisho mzuri. Ya kasi inataka volti 0 hadi 10, ilhali Arduino hutoa PWM ya volti 5 kwenye pini ya D11 katika GRBL 1.1, kwa hiyo katikati panawekwa moduli ya kugeuza PWM kuwa volti 0 hadi 10. Baadhi ya moduli hizo hazitenganishi pembejeo na tokeo ingawa muuzaji anasema zinatenganisha. Pima ukinzani kati ya rejeo la upande mmoja na la upande wa pili, na ukisoma sifuri ujue ni waya mmoja. Kabla ya kuiunganisha na kigeuza masafa, toa amri ya M3 (ya kuwasha spindeli) yenye kasi ya juu, pima tokeo, kisha zungusha skrubu ya moduli hadi usome volti 10. Mpangilio wa $30 wa GRBL uwe sawa na kasi ya juu ya spindeli, na $32 uwe 0, kwa sababu hali ya leza inabadilisha namna kasi inavyotolewa.

Ndani ya kigeuza masafa nako kuna mipangilio. Kwa Huanyang ya mfululizo wa HY, PD001 ikiwa 1 amri ya kuwasha inatoka kwenye ncha za nje, na PD002 ikiwa 1 kasi pia inatoka nje. Modeli nyingine zina namba tofauti kabisa, kwa hiyo usinakili namba za mtu mwingine bila kulinganisha jina la modeli.

Mpangilio unaoua spindeli nyingi ni ule wa masafa ya msingi. Spindeli ya mizunguko 24,000 kwa dakika yenye nguzo mbili inahitaji masafa ya 400 Hz, kwa sababu 400 mara 60 ni 24,000. Vigeuza masafa vingi hutoka kiwandani vikiwa vimepangwa kwa mota ya kawaida ya 50 Hz. Ukiiwasha spindeli ya 400 Hz kwa mpangilio huo, inapokea volti zake zote 220 kwenye 50 Hz, mkondo unapanda mara nyingi kupita kiasi, na koili zinaungua wakati wewe bado unashangaa kwa nini inazunguka polepole. Panga masafa ya msingi, masafa ya juu, volteji na mkondo wa mota kufuata kibao cha spindeli kabla ya kuunganisha waya hata mmoja wa U, V au W.

Mambo mawili usiyafanye kamwe: usiingize umeme wa ukutani kwenye U, V na W, na usiweke kati ya kigeuza masafa na spindeli swichi ya kukata umeme wakati spindeli inazunguka. Mota ya fezi moja yenye kapasita, kama ile ya pampu au ya msumeno wa meza, haiendeshwi na kifaa hiki.

Spindeli hushtuka au huwaka yenyewe ninapochomeka USB. Tatizo ni nini?

Arduino Uno hujianzisha upya kila programu inapofungua mawasiliano, na kwa muda mfupi pini zake hazina amri yoyote, zinaelea. Weka rezista ya kilo-omu 10 kutoka kwenye kila pini ya udhibiti kwenda kwenye rejeo. Kwa waliobadilisha GRBL ili D13 iwe pini ya kuwashia, kuna jambo la ziada: programu ya kuanzishia ya Uno huimulika taa ya D13 kila inapoanza, na rilei iliyo hapo italia pamoja nayo.

Plagi ya kawaida ya ampea 13 inatosha?

Kwa kigeuza masafa cha 1.5 kW au zaidi cha fezi moja, haitoshi. Cha 2.2 kW huweza kuvuta zaidi ya ampea 20 upande wa kuingilia kikiwa na mzigo kamili, kwa kuwa huchota mkondo kwa vishindo kwenye kilele cha umeme na si kwa ulaini. Kipewe laini yake kutoka kwenye meni swichi, yenye breka na waya vilivyochaguliwa na fundi kufuata kitabu cha kifaa. Waya wa milimita 4 za mraba ni chaguo la kawaida. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Ekstensheni iliyokunjwa chini ya meza huku imefunikwa na vumbi la mbao ni moto unaosubiri.

Ethi iunganishwe wapi?

Waya wa ethi uingie kwenye ncha ya ethi ya kigeuza masafa, na kutoka hapo hapo waya mwingine uende kwenye mwili wa spindeli, mwingine kwenye fremu ya mashine. Usiunganishe kwa mnyororo, fremu ikitegemea spindeli na spindeli ikitegemea skrubu ya kishikio.

Pini ya nne ya plagi ya spindeli isiaminiwe. Katika spindeli nyingi za bei nafuu haijaunganishwa na kitu ndani. Pima ukinzani kati ya pini hiyo na chuma cha mwili. Usomaji unatakiwa kuwa chini ya omu moja. Ukikuta hakuna muunganisho, funga waya wa ethi kwenye mwili kwa skrubu, baada ya kukwangua rangi.

Nondo ya ethi ya nyumba nayo ipimwe. Nyumba nyingi zina nondo iliyopigwa siku ya ujenzi na haikuguswa tena, na wakati wa kiangazi, udongo unapokauka, ukinzani wake hupanda.

Breka ya kuvuja umeme inakata kila ninapowasha. Fundi ameshauri nikate waya wa ethi. Nifuate?

Usifuate. Kigeuza masafa kina kapasita za kuchuja kelele zinazovujisha mkondo kidogo kwenda kwenye ethi kwa kawaida yake, na kebo ndefu ya mota huongeza uvujaji huo, kwa hiyo breka ya miliampea 30 inayohudumia nyumba nzima inaweza kukata bila kuwapo hitilafu. Ukikata ethi, uvujaji ule ule unahamia kwenye mwili wa mashine na kukusubiri uuguse. Tiba ni kuipa mashine breka yake pekee, kufupisha kebo, na kutumia breka ya aina inayofaa: aina F kwa kifaa cha fezi moja, aina B kwa kile cha fezi tatu. Aina AC, ambayo ndiyo ya bei ya chini, inaweza kushindwa kuona hitilafu ya kifaa cha namna hii.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, au uniti za LUKU zikiisha, kuna hatari gani?

Kukatika kwenyewe kunaharibu ubao tu. Hatari iko kwenye kurudi. Mashine iliyoachwa swichi yake ikiwa imewashwa inaweza kuanza kuzunguka wakati mtu ameingiza mkono kubadilisha bladi. Umeme wa mashine yote upite kwenye kontakta (swichi kubwa inayovutwa na koili) inayojishikilia, yenye kitufe cha kuwasha na cha kuzima, ili umeme ukirudi kontakta ibaki wazi hadi mtu abonyeze. Zima pia ule mpangilio wa kigeuza masafa wa kujiwasha upya baada ya umeme kurudi.

Kitufe chekundu cha dharura kikate koili ya kontakta hiyo hiyo kwa waya, bila kupitia Arduino wala kompyuta. Kumbuka kwamba umeme ukikatwa spindeli haisimami papo hapo; huendelea kuzunguka kwa msukumo wake kwa sekunde kadhaa. Usiisogelee hadi itulie.

Nimezima na kuchomoa. Naweza kufungua kifuniko mara moja?

Hapana. Kapasita za ndani zilikuwa na takriban volti 325 za DC na hubaki nazo baada ya plagi kuchomolewa. Subiri muda ulioandikwa kwenye kifuniko, ambao kwa kawaida ni dakika 5 hadi 10, kisha upime kwenye ncha za DC kabla ya kugusa. Taa iliyozimika si ushahidi.

Je, hali ya hewa ya huku juu ina athari yoyote?

Inayo, na ni jambo ambalo vitabu vya vifaa hulitaja kwa maandishi madogo. Watengenezaji wengi hutoa viwango vyao kwa mwinuko usiozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hutaka mkondo upunguzwe kwa takriban asilimia 1 kwa kila mita 100 zaidi ya hapo, kwa sababu hewa nyepesi hupoza vibaya. Mbeya iko takriban mita 1,700, kwa hiyo kifaa cha ampea 10 kihesabiwe kuwa cha ampea 9.3. Njombe, iliyo karibu na mita 2,000, kihesabiwe kuwa cha ampea 9. Anayenunua Kariakoo na kufunga Makete anafaa kuchagua saizi moja juu.

Baridi ina mambo yake. Spindeli ya kupozwa kwa maji ikiachwa usiku wa Julai mahali ambapo baridi hugandisha maji, kama maeneo ya Kitulo, mipira yake inaweza kuziba au kupasuka. Tumia kipoza cha gari badala ya maji matupu, na hakikisha maji yanazunguka kabla ya kuwasha. Kifaa kilicholala kwenye banda la baridi kisha kikaingizwa kwenye chumba chenye jiko hutoa jasho ndani. Kiache saa kadhaa kabla ya kukipa umeme.

Vumbi la paini ndilo adui wa kila siku. Ni laini, lina utomvu kidogo, na hushika kwenye mapezi ya kupozea hadi feni ikawa inapuliza ukuta. Weka kigeuza masafa nje ya eneo la kukatia, ndani ya boksi la chuma lenye kichujio, kikiwa kimesimama wima na nafasi juu na chini yake.

Na radi?

Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, chomoa mashine na kebo ya USB mara ngurumo zinapoanza. Kinga ya mshtuko wa umeme kwenye meni swichi inasaidia, lakini haichukui nafasi ya kuchomoa.

Swichi za mwisho, zile za ukingoni mwa meza, zinatoa kengele ya uongo kila spindeli inapowaka. Nifanyeje?

Hizo ni kelele za umeme kutoka kwenye kebo ya spindeli. Tumia kebo yenye ngao, ngao hiyo iunganishwe na ethi upande wa kigeuza masafa na upande wa mwili wa spindeli. Ngao ya nyaya za ishara iunganishwe upande mmoja tu, ule wa bodi. Tenganisha njia za kebo hizo mbili, na zikilazimika kukutana zivukane kwa pembe mraba. Swichi ziwe za kawaida-kufungwa, na kapasita ya nanofaradi 100 kwenye kila pembejeo humaliza kesi nyingi zinazobaki.

Natumia ruta ya mkono. Naweza kuipunguza kasi kwa dima ya taa?

Kama ruta ina gurudumu lake la kasi, hapana. Ina elektroniki ndani, na dima itagombana nayo. Kama haina, tumia kidhibiti kilichotengenezwa kwa mota za brashi chenye ampea za kutosha, kigeuzwe kwa mkono, na uiachie Arduino kazi ya kuwasha na kuzima tu kupitia kontakta.